Usinunue Koili Kabla ya Kupima

Barabara ya Korogwe hadi Handeni inapita Misima. Ukisimama kando yake utaona vyombo vingi vinavyotumia petroli. Kuna magari madogo ya abiria. Kuna bodaboda zinazoingia mpaka vijijini. Vyombo hivyo vinabeba mahindi, machungwa, wafanyabiashara na wagonjwa. Kimoja kikizimika porini, kazi ya watu wengi inasimama. Mgonjwa anayepelekwa Handeni, au hospitali ya Magunga kule Korogwe, anachelewa.

Chombo kikizimika hivyo, mara nyingi utasikia mtu akisema, "Koili imekufa." Labda ni kweli. Labda si kweli. Waya uliolegea, plagi chafu au petroli iliyokwisha huleta dalili zinazofanana. Mwenye gari akikubali bila kupima, atauza mahindi yake anunue koili. Kisha gari litabaki bovu vile vile, na fedha zimekwenda.

Kupima koili si uchawi. Kila mwenye gari au pikipiki anaweza kujifunza.

KOILI INAFANYA KAZI GANI?

Betri ya gari ina volti 12. Nguvu hiyo inatosha kuwasha taa. Haitoshi kutoa cheche ya kuchoma petroli ndani ya injini. Kazi ya koili ni kuongeza nguvu hiyo.

Ndani ya koili mna nyaya mbili za shaba zilizozungushiwa chuma. Waya wa kwanza ni mnene, na una mizunguko mia chache. Waya wa pili ni mwembamba sana, na una maelfu ya mizunguko. Umeme wa betri ukipita katika waya wa kwanza, chuma kinakuwa sumaku. Kisha umeme unakatwa ghafla. Sumaku inatoweka, na papo hapo umeme mkali unatokea katika waya wa pili. Volti 12 zinakuwa volti 20,000 au zaidi. Umeme huo unaruka kwenye mdomo wa plagi kama cheche, na petroli inawaka.

Basi kumbuka mambo matatu: umeme unaingia, umeme unakatwa, umeme mkali unatoka. Upimaji wote wa koili unafuata mambo hayo matatu.

Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyeuendeleza mtindo huu wa betri na koili kwa ajili ya magari, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Magari ya zamani, kama Land Rover za petroli na Peugeot 404 za miaka ya 1960 na 1970, yalikuwa na koili moja tu. Platini ndiyo iliyokata umeme, na distribyuta iliugawa kwa kila plagi. Magari mengi ya siku hizi yana koili moja juu ya kila plagi, na kompyuta ya gari ndiyo inayokata umeme. Pikipiki ina koili moja ndogo, ambayo mara nyingi hufungwa chini ya tangi la petroli.

Malori, mabasi na matrekta ya dizeli hayana koili hii. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Mtu akikuambia trekta lako la dizeli limezimika kwa sababu ya koili ya plagi, tafuta fundi mwingine.

DALILI ZA KOILI MBOVU

Ya kwanza: injini inatetemeka na kukosa nguvu, hasa ikipanda mlima au ikiwa na mzigo. Mafundi husema injini inamisi. Maana yake ni kwamba silinda moja haichomi petroli.

Ya pili: chombo kinawaka vizuri asubuhi, lakini kikishapata joto kinazimika. Kikipumzika nusu saa kinawaka tena. Joto linaweza kutanua waya uliokatika ndani ya koili, nao ukaachana. Koili ikipoa, waya unagusana tena.

Ya tatu: stata inazungusha injini vizuri, lakini injini haiwaki kabisa.

Ya nne: bomba la moshi linatoa harufu ya petroli mbichi. Katika magari ya siku hizi, taa ya injini huwakawaka mbele ya dereva.

Dalili hizi zinakuonya tu. Bado hazijathibitisha kitu. Pampu ya petroli iliyochoka nayo huweza kuzima gari likiwa na joto. Kwa hiyo pima.

KWANZA USALAMA

Umeme wa koili unapiga kwa nguvu. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo, au mwenye kifaa cha kusaidia moyo, asifanye kazi hii. Usishike waya wa plagi kwa mkono injini ikizunguka. Tumia koleo lenye mipini ya mpira. Hakikisha hakuna petroli inayovuja, maana cheche moja inaweza kuunguza gari zima. Usivute sigara.

PIMA HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Tazama petroli, betri na nyaya. Kaza vichwa vya betri. Angalia kama waya unaoingia kwenye koili umelegea, umeliwa na panya au umeshika kutu. Matatizo mengi huishia hapa, bila kununua kitu.

Hatua ya 2. Itazame koili yenyewe. Je, ina ufa? Ina mistari myeusi ya kuungua? Katika koili ya zamani, mafuta yanavuja? Usiku penye giza, fungua boneti injini ikiunguruma. Ukiona cheche za samawati zinaruka nje ya koili au waya, umeme unapotea hapo.

Hatua ya 3. Kwa pikipiki, tazama cheche. Chukua plagi nyingine nzima, uivalishe kofia ya waya wa koili. Plagi ya injini iache mahali pake. Gusisha chuma cha plagi ya kupimia na chuma kisafi cha injini, kisha piga kiki. Cheche nzuri ni ya samawati, na inaalika kwa sauti. Cheche nyekundu na dhaifu ni ya mashaka. Isipoonekana kabisa, vua kofia, kata waya kidogo kiasi cha nusu sentimita, funga tena, upime upya. Ikishindikana, azima koili ya pikipiki ya aina ile ile. Injini ikiwaka, koili yako ndiyo mbovu. Isipowaka, kosa liko kwingine.

Hatua ya 4. Kwa gari la zamani lenye platini, tumia taa ndogo ya volti 12. Fungua swichi. Gusisha waya mmoja wa taa kwenye chuma cha gari, na wa pili pale umeme unapoingia kwenye koili. Taa ikiwaka, umeme unaingia. Sasa hamishia waya huo upande wa platini, na mwenzako azungushe injini. Taa ikiwaka na kuzima, umeme unakatwa. Mwisho shika kwa koleo waya mnene unaotoka katikati ya koili. Weka ncha yake milimita 6 kutoka chuma cha injini. Umeme ukiingia na kukatwa, lakini cheche haitoki, badili kwanza waya huo mnene na kondensa, upime tena. Bado haitoki? Hapo koili ndiyo mbovu.

Hatua ya 5. Kwa gari lenye koili nyingi, usichezee cheche ya wazi, maana unaweza kuharibu kompyuta. Badilishana koili. Zima injini. Chomoa soketi ya koili moja, kisha washa kwa sekunde chache tu. Injini ikizidi kutetemeka, koili hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, silinda hiyo ndiyo yenye kosa. Zima, rudisha soketi, kisha peleka koili ya silinda hiyo kwenye silinda nyingine, na ya huko ilete hapa. Washa tena na urudie kupima. Kosa likihama pamoja na koili, koili ni mbovu. Kosa likibaki pale pale, tafuta katika plagi, nyaya au njia ya petroli.

Fundi mwenye mita ya umeme anaweza pia kupima waya wa ndani. Koili nyingi za zamani zina omu 3 hivi katika waya wa kwanza, na maelfu ya omu katika waya wa pili. Lakini koili inayokufa kwa joto huweza kupimwa nzima ikiwa baridi. Koili nyingi za siku hizi zina vifaa vingine ndani, na mita peke yake haitoshi.

KWA NINI KOILI INAKUFA?

Ukifunga koili mpya bila kuondoa sababu, nayo itakufa. Plagi ikichakaa, mdomo wake unapanuka na koili inafanya kazi kupita kiasi. Basi angalia plagi pia. Oili ikivuja na kujaa penye plagi, inaharibu mpira wa koili. Ziba kwanza uvujaji huo. Usimwagie injini maji kwa nguvu. Katika gari lenye platini, usiache swichi wazi injini ikiwa imezimika, kwa maana koili inaweza kuungua.

Tena, usiendelee kusafiri na injini inayomisi. Petroli isiyochomwa inakwenda kwenye bomba la moshi. Inaharibu chombo cha kusafishia moshi, ambacho bei yake huizidi sana bei ya koili. Inaweza pia kuleta moto.

Vijana wenye bodaboda, mnaweza kuanza kidogo kidogo. Pale mnapoegesha, changeni fedha mnunue plagi moja ya kupimia na koleo lenye mpira. Anayejua amfundishe asiyejua. Fundi akisema koili imekufa, mwombe kwa heshima, "Fundi, nionyeshe." Fundi mzuri hatakasirika. Atakuonyesha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja mambo matatu yanayotokea katika koili.
2. Kwa nini chombo chenye koili mbovu huweza kuwaka tena kikipoa?
3. Umebadilishana koili, lakini kosa limebaki katika silinda ile ile. Utatafuta wapi?
4. Katika kijiji chenu, nani anaweza kuwafundisha wengine kupima?