USAFIRI WA UMMA DAR ES SALAAM: MAMBO MANNE YAENDAYO PAMOJA

Mkazi wa Hamugembe, katika Manispaa ya Bukoba, hufika mjini kwa miguu au kwa bodaboda kwa muda mfupi. Lakini safari yake ya Dar es Salaam, iwe ya matibabu Muhimbili, ya masomo au ya kikazi, haiishi pale basi linapoingia Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021. Baada ya kusafiri zaidi ya kilometa elfu moja, humbakia nyingine zaidi ya 20 kufika katikati ya jiji, na mara nyingi kipande hicho ndicho kinachomchosha. Makala haya yanaeleza jinsi usafiri wa jiji hilo ulivyoendeshwa na jitihada za kuufanya uwe wa kisasa, pamoja na funzo lililomo kwa miji inayokua.

Usafiri wa umma wa jiji hutegemea mambo manne: njia, mabasi, nauli na usimamizi. Likikosekana moja, matatu yaliyobaki hayatoshi.

Kutoka DMT hadi daladala

Mabasi ya jiji yaliendeshwa kwanza na kampuni binafsi ya DMT, iliyoanzishwa mwaka 1949 na kutaifishwa mwaka 1970. Mwaka 1974 shughuli zake ziligawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, na Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, likachukua za jijini. UDA ilikuwa na usimamizi, lakini mabasi hayakutosha. Bei ya mafuta ilipanda duniani, vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, ambayo wakazi wa mkoa huo waliiona kwa macho yao, iliigharimu nchi fedha nyingi, na vipuri vilikuwa adimu. Wakati huohuo watu waliongezeka.

Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria chini ya leseni. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu hiyo watu waliiita dala. Ndipo likatoka jina la daladala. Magari hayo yaliuokoa mji, na hilo halina ubishi. Hata hivyo, utaratibu wake wa malipo ulizaa kero zinazojulikana. Mwenye gari hudai hesabu ya siku. Kinachozidi ndicho riziki ya dereva na konda. Kwa hiyo gari husubiri lijae kituoni, kisha hukimbizwa; huweza kukatisha ruti pasipo na faida, na mwanafunzi mwenye nauli ndogo huachwa barabarani. Faini pekee haiwezi kuondoa tabia inayotokana na utaratibu wa malipo.

Mabasi yaendayo haraka

Serikali ilianzisha Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, mwaka 2007. Mfano wake ulikwishaonekana katika miji ya Amerika ya Kusini, Curitiba tangu mwaka 1974 na Bogotá tangu mwaka 2000: basi hupewa njia yake lenyewe katikati ya barabara, abiria hulipa nauli kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo hulingana na ya basi ili kupanda na kushuka kusichukue muda. Mabasi mlisho huwaleta abiria kutoka mitaani hadi njia kuu.

Awamu ya kwanza, yenye urefu wa kilometa 20.9, ilijengwa kuanzia mwaka 2012 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Huduma ilianza Mei 2016 kwa mabasi 140. Abiria, waliouita usafiri huo mwendokasi, waliona safari iliyokuwa ikila saa nzima au zaidi ikipungua sana.

Hata hivyo, furaha hiyo ilipata doa. Mabasi hayo yalikuwa pungufu ya mahitaji, na kadiri yalivyochakaa foleni vituoni ziliongezeka. Karakana ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko yaliyojirudia yaliharibu mabasi na kuifunga barabara. Njia ilikuwapo, lakini mabasi na matunzo yake hayakwenda nayo sambamba.

Funzo kwa Bukoba

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Dar es Salaam watu wapatao 273,000. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Mji haungoji mipango ikamilike ndipo ukue. Katika mambo manne yaliyotajwa, mabasi huweza kununuliwa, nauli kurekebishwa na wasimamizi kubadilishwa. Njia pekee, ikishajengwa nyumba, hurudishwa kwa gharama na machozi. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zilibomolewa, na familia zilizoishi humo kwa miaka mingi zikaanza upya.

Hamugembe na kata jirani bado zina nafasi ya kuepuka hasara hiyo. Watumishi wa ardhi na mipango miji wanao wajibu wa kuonyesha mipaka ya barabara mapema na kwa alama zinazoonekana, pamoja na kutenga viwanja vya vituo visivyo mabondeni. Wananchi nao wanakumbushwa kuulizia mipaka hiyo na kupata kibali cha Manispaa kabla ya kuchimba msingi. Mita chache zinazoachwa leo kando ya barabara ndizo zitakazopitisha basi la mjukuu kesho, bila nyumba ya mtu kuvunjwa.