Mvumo wa Makusudi: Ukuzaji wa Juu katika Amplifaya za Valvu Ukilinganishwa na Ilimba ya Wagogo

Wagogo, ambao makazi yao huenea kutoka Dodoma hadi wilaya ya Manyoni mkoani Singida, hupiga ilimba, ala ya kisanduku yenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Tundu la kisanduku hufunikwa kwa utando wa buibui. Hewa ya ndani inapotikisika, utando nao hutetema na kuongeza mvumo mkavu juu ya kila noti. Mvumo huo hutafutwa na mtengenezaji mwenyewe. Mtafiti anayeuondoa katika rekodi kwa programu ya kusafisha kelele huwa amefuta sehemu ya ala aliyokusudia kuichunguza.

Amplifaya ya valvu hufikia matokeo ya jamii hiyo kwa njia ya umeme. Valvu ya ECC83 ina kipimo cha ukuzaji cha 100, ingawa katika sakiti halisi hupatikana takriban nusu yake. Mawimbi ya gitaa yakizidi uwezo wa valvu, vilele vyake hukatwa, na ukataji huo huzaa haramoniki ambazo hazikuwamo katika uzi. Katika amplifaya za awali, kama Marshall JTM45 ya miaka ya 1960, iliyofuata sakiti ya Fender Bassman, ukataji mwingi ulipatikana sauti ilipofunguliwa karibu yote, valvu za nguvu zikielemewa.

Marekebisho ya baadaye yalihamisha ukataji huo kwenye hatua za mwanzo. Marshall 2203 ya mwaka 1975 iliunganisha hatua za ukuzaji kwa mfuatano, kisha ikaweka kidhibiti cha sauti kuu baada yake. Hata hivyo, kuongeza hatua pekee hakutoshi: besi isipopunguzwa kabla ya kukatwa, sauti huwa nzito na yenye matope. Aidha, volti zaidi ya 400 hubaki katika kapasita hata baada ya umeme kuzimwa, jambo ambalo fundi hapaswi kulisahau.

Nyuzi zote hupita katika valvu moja, hivyo noti zinazopigwa pamoja huzaa pia sauti ngeni za jumla na tofauti ya masafa yake. Mizani ya noti ya kwanza na ya tano hustahimili. Kodi kamili huvurugika. Pengine ndiyo maana magitaa ya dansi ya Tanzania, yanayosukana noti kwa noti, yalibaki na sauti safi.