Bahari kwa mfuko mdogo: Mapumziko yasiyokula mtaji wa mfanyabiashara

GAHANGA, Kigali

Kutoka Gahanga hadi Dar es Salaam kwa barabara, kupitia Rusumo, ni takriban kilomita 1,500. Mfanyabiashara anayeifuata njia hiyo kwenda kuchukua vitenge, vyombo au vipuri hukaa ndani ya basi zaidi ya siku nzima. Akifika hulala gesti ya Kariakoo, hukimbizana na bei, hufunga mzigo na kurudi. Wapo waliokwenda na kurudi miaka kadhaa bila hata kulowesha miguu baharini, ingawa kutoka Kariakoo hadi ufukweni Kivukoni ni mwendo usiofika saa moja kwa miguu.

Ukiuliza sababu, jibu ni moja: mtaji. Fedha aliyonayo mkononi ni ya mzigo, na nusu yake pengine ni ya kikundi cha akiba. Likizo ya pwani huonekana ni jambo la watalii wanaolipia chumba kwa dola. Hesabu hiyo ina kosa. Kinachogharimu pwani ni nauli na malazi, na vyote viwili mfanyabiashara ameshavilipa kwa ajili ya biashara. Bahari yenyewe haina mlango wa kulipia.

Kwa watu wa Gahanga suala hili limekuwa zito zaidi tangu Januari 2024, Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Barabara inayokatiza Gahanga, ikavuka Nyabarongo na kupita Nyamata, ndiyo inayokwenda Nemba. Kabla ya hapo, aliyetaka mchanga na mawimbi karibu na nyumbani aliweza kwenda kuuza Bujumbura na kumalizia siku kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika. Njia hiyo ilipokatika, biashara iliyumba, na hata pa kupumzikia pakapotea. Yafuatayo ni maeneo mengine, kwa wanaoenda na mzigo na kwa wanaotaka kuwapeleka watoto tu.

Dar es Salaam: siku ya kusubiri mzigo

Anayeingiza bidhaa kupitia bandarini anajua kwamba kuna siku za kusubiri tu. Wakala wa forodha anafuatilia karatasi, kodi inalipwa nyumbani kwanza kwa utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza 2014, na mwenye mzigo amekaa gesti akihesabu gharama. Siku kama hizo ndizo za kwenda baharini. Sharti ni moja tu: simu iwe na chaji, na wakala awe amesema wazi kwamba leo hakuna karatasi inayosubiri sahihi. Kuchelewesha sahihi kunaweza kuongeza gharama za kuhifadhi mzigo, na hapo ufukwe wa bure utakuwa umegeuka ghali.

Mahali pa karibu kabisa ni Kivukoni, mwisho wa njia ya mabasi ya mwendokasi. Hapo kuna soko la samaki la Feri. Asubuhi mashua hushusha samaki, na mnada hupigwa kwa sauti ambayo mchuuzi yeyote wa Kigali ataielewa bila mkalimani. Kutazama ni bure. Mwenye njaa hununua samaki na kukaangiwa papo hapo.

Hatua chache kutoka sokoni ni kivuko cha kwenda Kigamboni. Nauli ya mtembea kwa miguu imekuwa shilingi 200 za Tanzania kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo safari ya majini ya bei nafuu kuliko zote mjini. Kwa dakika chache mtu huona meli zikiingia bandarini, jiji likiwa nyuma na bahari kuu ikifunguka upande wa mashariki. Ng'ambo ya pili, fukwe nyingi zenye mabanda na hoteli hutoza kiingilio. Ni vyema kuuliza bei kabla ya kukaa, na kuuliza pia kama kiingilio hicho hukatwa kwenye chakula.

Coco Beach, Oysterbay, haina kiingilio. Jioni za mwisho wa wiki hujaa familia, wauza mihogo ya kukaanga yenye pilipili, mishikaki na madafu. Mwenye kutaka utulivu aende katikati ya wiki, asubuhi.

Visiwa vya Mbudya na Bongoyo huonekana kwa macho kutoka ufukweni na hushawishi. Vyote viwili ni hifadhi ya bahari: kuna ada ya kuingia, na asiye raia hulipa zaidi, juu ya nauli ya boti. Kwa mfuko mdogo, viachwe kwa siku nyingine.

Mwenye siku nzima apande basi la kwenda Bagamoyo, takriban kilomita 70. Huko ufukweni majahazi yangali yakishusha mizigo na samaki kama zamani, na mji mkongwe hutembelewa kwa miguu. Kutembea barabarani hakulipiwi. Kinacholipiwa ni kuingia kwenye magofu na makumbusho.

Mombasa: kitambulisho kinatosha

Anayefanya biashara upande wa Kampala na Nairobi ana faida yake. Tangu 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kwa Tanzania, pasipoti au hati nyingine ya kusafiria inayokubalika bado inahitajika, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni vizuri kiwe mfukoni. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake ajiandae kuombwa idhini ya maandishi ya mzazi wa pili.

Kutoka Nairobi, treni ya SGR iliyoanza 2017 humfikisha abiria Mombasa kwa shilingi 1,500 za Kenya katika daraja la kawaida, kwa bei iliyoanza 2024. Mjini Mombasa, feri ya Likoni haimtozi mtembea kwa miguu hata senti moja. Anaweza kuvuka na kurudi, huku meli kubwa za kontena zikipita mbele yake.

Bustani ya Mama Ngina iko wazi kwa wote. Jioni watu hukaa ukutani wakitazama mlango wa bandari, wakitafuna mihogo, kachri na mabuyu. Kwa kuogelea, Jomo Kenyatta Public Beach huko Bamburi, ambayo wenyeji huiita Pirates, ni ufukwe wa umma. Pale gharama hutoka kwa vitu vidogo: boya la kukodi, ngamia wa kupanda, picha. Kila kimoja kinaonekana senti chache. Vikijumlishwa kwa watoto watatu, vinaweza kuzidi chakula cha siku.

Maji yana ratiba yake

Mtu wa bara hufika ufukweni akakuta bahari imeondoka. Mchanga na mawe vimebaki vitupu, na maji yako mbali. Hakudanganywa, maji yamekupwa.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa ni takriban saa sita. Kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ndipo huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika siku hizo, kwenye mwambao wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa mnamo saa 4 asubuhi. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, tofauti hupungua na saa hugeuka: asubuhi ya saa 4 ndiyo huwa ya maji kujaa.

Kujua haya hakugharimu chochote, na huamua kama siku itakuwa nzuri. Maji yakikupwa ni wakati wa kutembea na watoto kwenye madimbwi, kuona kaa, samaki wadogo na viumbe wenye miiba kama nungunungu. Viatu visivuliwe, kwani mwiba wa baharini huharibu likizo nzima. Maji yakijaa ni wakati wa kuogelea. Anayetembea mbali kwenye mwamba ageuke mapema, kwa sababu maji yakianza kurudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yake.

Pepo nazo zina majira. Likizo ndefu ya shule Rwanda, kati ya Julai na Septemba, huangukia wakati wa kusi, ambapo jua si kali na upepo huchafua bahari. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, huleta joto. Masika, kati ya Machi na Mei, ni mvua. Na msafiri akumbuke kwamba saa za Tanzania na Kenya zimetangulia za Rwanda kwa saa moja. Wapo walioachwa na basi kwa kusahau hilo.

Rubavu: bahari ya nyumbani

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Ziwa Kivu si maji ya kifuu. Liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na lina kina kinachokaribia mita 480. Kwa mtoto wa Gahanga ambaye hajaona maji yasiyo na ng'ambo, ni bahari ya kutosha.

Basi kutoka Nyabugogo hufika Rubavu kwa saa tatu hadi nne. Ufukwe wa umma wa mji, ambao wengi bado wanauita Gisenyi, una mchanga na kivuli cha miti, na hauna kiingilio. Familia inaweza kuondoka Kigali alfajiri, kula chakula ilichobeba, na kurudi usiku bila kulipia chumba.

Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, wakipiga makasia kwa nyimbo, kwenda kuvua sambaza usiku. Kuwatazama ni bure. Sambaza wa kukaanga huuzwa bei ya chini, na ndio chakula cha mahali penyewe. Huko Nyamyumba, kilomita chache kusini, kuna chemchemi za maji moto ambako watu huchovya miguu na kukandwa kwa malipo madogo. Makubaliano ya bei yafanyike kabla ya kukandwa.

Yapo ya kuangalia. Ukingo wa Kivu hushuka ghafla: mtoto aliye kwenye maji ya magoti anaweza kupiga hatua mbili akakosa ardhi. Katika baadhi ya mabonde yaliyo karibu na ziwa hukusanyika hewa nzito isiyovutika, inayojulikana kama mazuku, hivyo asilale mtu kwenye mashimo au mabonde asiyoyajua. Na kabla ya kupanga kuvuka kwenda Goma, iulizwe hali ya mpaka siku hiyohiyo.

Karibu zaidi ni maziwa ya Bugesera, upande wa Gashora, baada ya Nyamata. Kukaa ukingoni na kutazama ndege kunatosha kwa alasiri. Kuogelea hapana. Mto Nyabarongo na maziwa yaliyoungana na bonde lake yana mamba, na anayeishi Gahanga hahitaji kuelezwa mara mbili.

Mfuko wa pili

Linaloua likizo za wafanyabiashara mara nyingi ni kuchanganya fedha. Mtu anayetumia pochi moja kwa mzigo na kwa starehe hawezi kujua ametumia ngapi mpaka afike dukani na kukuta mzigo umepungua. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuondoka, fedha ya mapumziko itengwe, ibadilishwe peke yake na iwekwe peke yake. Ikiisha, siku imeisha. Kiasi hicho kwa ufukwe wa bure ni nauli ya ndani, chakula, maji ya kunywa na akiba ndogo ya dharura.

Begi la mapumziko nalo lisigeuke mzigo wa magendo. Mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya husaidia bidhaa zisizozidi dola 2,000 zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama. Kitenge kilichotoka China hakiwi cha Tanzania kwa kununuliwa Kariakoo, na kukificha chini ya nguo za watoto ni kuhatarisha mtaji ule ule uliokuwa ukilindwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda, Kenya na Tanzania pia, kwa hiyo kikapu cha sokoni ndicho begi zuri la ufukweni. Magamba ya kasa wa baharini yasinunuliwe kabisa, kwani ni kinyume cha sheria.

Kwa safari za ndani, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, na asubuhi usafiri husimama. Anayetaka kuwahi Rubavu achague siku nyingine.

Sheria zenyewe zinamtambua mtu wa mfuko mdogo. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari na maziwa, na Rwanda imeweka mita 50 kwa maziwa yake. Lengo ni kulinda ukingo, lakini ukingo usiojengwa ndio ambao mama muuza vitenge na watoto wake wanaweza kutandika khanga na kukaa. Kwa kawaida mzigo utakuwa tayari kesho, au keshokutwa. Maji yatajaa leo.