Meli Kwanza au Makka Kwanza? Matayarisho ya Safari ya Kwanza ya Baharini



Alasiri moja baada ya darsa, alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu akifuatana na binti yake. Ni mjane wa miaka 60 na ushee, eda yake imekwisha zamani, na wanawe wawili wa kiume wanafanya kazi Dubai. Wanawe hao walikuwa wamekusudia kumpeleka matembezi ya siku saba kwa meli ya kitalii, itakayong'oa nanga Dubai, ipite Abu Dhabi, Doha na Maskati, kisha irudi ilikotoka. Mama alikuja na swali moja tu: "Sheikh, yafaa niende?"

Hatuna budi kukiri kwamba jawabu letu la kwanza lilikuwa la haraka. Tuliposikia meli ya kitalii tulikumbuka pombe, muziki na kamari, tukamwambia ni bora akae nyumbani. Mama hakubisha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Marehemu baba yao alikuwa kuli bandarini kwa miaka 31. Meli alizipakua, wala hakujaliwa kusafiri kwa hata moja. Watoto wanataka mimi nipande, kama kwamba na yeye amepanda."

Maneno hayo yalitutia haya. Tulimwomba atupe juma moja tusome vitabuni na tuwaulize mabaharia wa hapa kwetu waliowahi kufanya kazi katika meli hizo. Haya tunayoyaandika leo ndiyo tuliyomweleza, na tunayaleta kwenu kwa kuwa tunajua nyumba nyingi za mwambao sasa zina watoto Ghuba na Ulaya wanaowaita wazee wao safari kama hizi.

Bahari si ngeni kwetu, wala si ngeni kwa wanawake wa Kiislamu. Ummu Haram binti Milhan (RA) alimsikia Mtume (SAW) akieleza kwamba alioteshwa watu wa umma wake wakiipanda bahari kama wafalme juu ya viti vyao vya enzi, naye akamwomba amwombee awe miongoni mwao. Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (RA), yapata mwaka wa 28 Hijria, alivuka bahari pamoja na mumewe, Ubada bin Samit, katika jeshi lililokwenda Kupro. Baada ya kushuka nchi kavu alianguka kutoka juu ya mnyama wake akafariki, na kaburi lake linazuriwa hadi leo karibu na ziwa la chumvi la Larnaca. Yeye alitoka kwa ajili ya jihadi, sisi tunazungumzia matembezi. Hata hivyo kisa chake chatufunza kwamba kinachotangulia si chombo bali ni nia.

Matembezi basi asili yake ni halali, kwa masharti. La kwanza ni mali. Safari ya anasa isilipwe kwa mkopo wa riba, wala isilipwe ilhali wenye kutudai wanangoja. La pili ni mwenza wa safari. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mwanamke hasafiri safari isiyokuwa ya wajibu ila awe na mumewe au maharimu wake, na mama huyu alikuwa na wanawe. La tatu ni kuchagua chombo. Meli hazifanani. Katika siku za karibuni imeanza kufanya safari kutoka Jeddah meli ya Kisaudia iitwayo Aroya, ambayo haiuzi pombe. Mwenye kupanda meli nyingine ajue mapema kwamba pombe na kamari zitakuwamo, na aamue kabla ya kulipa kama ataweza kuziepuka kumbi hizo. Meli hizi ni kubwa, na mtu akitaka hupita juma zima asiingie huko.

Tuje kwenye sala, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa.

Mwenye kutoka Mombasa kwenda Dubai ni msafiri, na sala zake za rakaa nne anaruhusiwa kuzipunguza ziwe mbili, na kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Lakini tuangalie jambo moja. Kwa Mashafii, akinuia kukaa Dubai kwa jamaa zake siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, basi huko amekuwa mkazi na atasali sala timamu. Meli itakapoondoka na kuuacha mji, safari huanza upya. Ijumaa haimlazimu msafiri, atasali Adhuhuri.

Kibla nacho chahitaji uangalifu. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea upande wa kaskazini tangu utotoni, hata miguu inajigeuza yenyewe. Katika Ghuba, Makka iko upande wa magharibi. Dira ya mkononi haitegemeki ndani ya chumba kilichozungukwa na chuma. Meli nyingi huonyesha katika televisheni ya chumbani ramani ya mahali chombo kilipo na kinakoelekea, na hiyo husaidia. Vilevile waweza kupanda sitahani ukaangalia jua linakochwea. Ukisha kujitahidi, sali. Meli ikigeuka nawe umo ndani ya sala na ukatambua, geuka nawe uelekee kibla. Sala ya faradhi husaliwa kwa kusimama. Aliyepatwa na kizunguzungu akachelea kuanguka, ataketi. Maji yapo, kwa hiyo hapana haja ya kutayamamu. Hata maji ya bahari yenyewe ni tohara, kama Mtume (SAW) alivyomjibu aliyemuuliza.

Mama alicheka tulipofika kwenye choo, lakini ndilo jambo ambalo mabaharia wetu walilisisitiza zaidi. Vyoo vya meli mara nyingi vina karatasi tupu. Chukua kopo dogo la plastiki au chupa ya kutilia maji ya kustanji. Ni kitu kidogo, lakini asiyekuwa nacho hutaabika juma zima na tohara yake.

Kuhusu chakula, waarifuni wenye meli mapema, wakati wa kulipa nauli, kwamba mwataka chakula cha halali, na mkifika mwulizeni tena msimamizi wa ukumbi. Kwenye meza za kujipakulia, kijiko kilichotoka kwenye nguruwe chaweza kuingizwa katika sahani ya jirani, na mchuzi waweza kutiwa mvinyo. Samaki na mboga ni salama zaidi, lakini uliza vimekaangwa katika mafuta gani. Ombeni pia meza ya familia peke yenu, msiketi penye kupitishwa pombe.

Mavazi hayana uzito kama watu wanavyodhani. Pana usiku ambao wasafiri hutakiwa wavae rasmi, na buibui safi na kanzu nzuri vinatosha kabisa. Penye bwawa la kuogelea ambapo watu wamejiachia, mama wa Kiislamu hana haja ya kwenda kutazama. Apande sitaha ya juu alfajiri baada ya sala, wakati wengi wamelala, aone jua linavyochomoza baharini.

Sasa karatasi. Pasi ya kusafiria iwe na uhai wa miezi sita na zaidi. Viza iangaliwe vizuri, kwa sababu meli hutoka katika nchi kisha ikarudi, na mara nyingi msafiri huhitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isiachwe nyumbani. Siku ya kupanda, mizigo mikubwa huchukuliwa gatini na yaweza kuchelewa saa kadhaa kufika chumbani. Kwa hiyo dawa, pasi, leso ya kusalia na nguo moja ya kubadilisha viwe katika mkoba wa mkononi. Mwenye sukari au shinikizo la damu achukue dawa za kutosha na ziada ya siku kadhaa, pamoja na barua ya daktari. Matibabu ya melini hulipishwa, na gharama yake si ndogo, basi ikatwe bima ya safari, na ikipatikana ya takafuli ni bora.

Nauli kwa kawaida ni ya chumba, chakula na safari. Intaneti, vinywaji vingi na matembezi ya bandarini ni mbali, na meli nyingi huongeza bahashishi ya wahudumu kwa kila siku. Humo ndani fedha taslimu hazitumiki sana. Mtu hupewa kadi, akawa anaionyesha tu. Kadi isiyotoa sarafu mkononi hudanganya moyo. Angalieni hesabu yenu kila jioni.

Mwenye kuchafukwa na moyo achague chumba cha sitaha za chini, katikati ya chombo, ambako mtikisiko ni mchache. Tangawizi husaidia, na kutazama mbali kwenye upeo wa bahari pia husaidia. Msimu wenyewe ni mzuri: meli za Ghuba hufanya safari zao katika miezi ya baridi ya huko, miezi hiyohiyo ambayo huku kwetu huvuma kaskazi, iliyowaleta mababu zetu na majahazi yao.

Mama alikuwa na hofu nyingine ambayo hakuitamka ila mwishoni. Mwaka wa 1994, kivuko cha Mtongwe kilipozama na zaidi ya watu 270 kupoteza maisha, alikuwa mama kijana, na tangu hapo hata Likoni huvuka akisoma dua. Hatukumwambia asiogope. Tulimweleza kwamba kabla ya safari abiria wote hufundishwa mahali pa kukusanyika na namna ya kuvaa jaketi la kuokolea. Meli ya Costa Concordia ilipopinduka Italia mwezi wa Januari 2012 na watu 32 kufa, mamia ya abiria waliopanda siku ile walikuwa hawajapewa mafunzo hayo, na baada yake sharti likakazwa. Basi mafunzo yakiitwa, nendeni, msibaki chumbani mkipanga nguo. Kisha zisomwe dua za safari, na aliyosoma Nabii Nuhu (AS) alipopanda safina, iliyomo katika Surat Hud.

Na kabla ya hayo yote, wasia uandikwe. Madeni yaandikwe, amana za watu zirudishwe, majirani waombwe radhi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, lakini si kila aendaye hurejea.

Tulipofika kwenye wasia, mama aliinamisha kichwa. Akauliza swali ambalo, tunadhani, ndilo lililomleta tangu siku ya kwanza: "Na Hija, Sheikh? Mimi sijahiji."

Tulimweleza kwamba Hija humlazimu mwenye uwezo, na kwamba yeye kwa mali yake mwenyewe hakuwa nao. Tukamweleza pia kwamba kwa Imamu Shafii aliyewajibikiwa anaweza kuichelewesha akiwa na azma ya kuitekeleza, na maimamu wengine wakasema asicheleweshe. Hatukumwambia meli ni haramu. Tulimuuliza tu: "Wanao wakiweza moja kwa mwaka huu, wewe wataka ipi?" Akayashika magoti yake akasema: "Meli ina lifti. Tawafu na sa'yi zataka miguu, na hii yangu sijui itangoja mpaka lini."

Usiku ule alizungumza na wanawe kwa simu. Haikuwa rahisi. Arbuni ya meli ilikuwa imekwisha kulipwa, na sehemu yake haikurudi. Mkubwa alinung'unika, kisha akatupigia sisi, akitaka tumshawishi mama. Tulimjibu kwamba amefanya wema mkubwa kumfikiria mama yake, ila alimnunulia zawadi kabla ya kumuuliza anatamani nini. Alikaa kimya kidogo, akasema ataangalia. Baada ya siku tatu, fedha zililetwa na mama akaandikishwa kwa wakala wa Hija aliyeidhinishwa, pamoja na mwanawe mdogo kuwa maharimu wake.

Meli imeahirishwa hadi kaskazi ya baadaye, inshallah. Mama ameshanunua lile kopo la plastiki. Anasema litamfaa kotekote.

Enyi vijana mlioko ng'ambo, wapelekeni wazazi wenu, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini kabla ya kulipa arbuni, pigeni simu muulize. Nanyi mama zetu, mkiulizwa, semeni.

Wabillahi tawfiq.