Panya stoo Mpondwe: ziba matundu kabla ya kununua sumu

MFANYABIASHARA wa Mpondwe anajua bei ya maharagwe, kahawa, chumvi ya Katwe na samaki wakavu. Asichokipigia hesabu ni hasara ya usiku, stoo ikiwa imefungwa. Panya hula kidogo, lakini huharibu kingi kwa mkojo, mavi na kutoboa magunia. Mnunuzi kutoka Kasindi akikuta mavi ndani ya gunia, halipi.

Wengi hukimbilia sumu isiyo na lebo inayouzwa na wachuuzi. Hiyo ni hatari, kwani nyingine ni dawa kali ya wadudu wa shambani, na stoo ni mahali pa chakula. Tena, panya jike hubeba mimba majuma matatu tu. Ukiwaua na kuacha chakula na njia ya kuingilia, wengine watajaa upesi.

Anza na matundu. Panya mkubwa hupenya penye nafasi ya kidole gumba. Wale wadogo wa nyumbani hutosheka na upana wa kalamu. Ziba kwa saruji, na upigilie bati chini ya mlango wa mbao. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta, ili mtu apite na tochi. Fagia nafaka iliyomwagika kila jioni. Ndipo utege mitego kando ya ukuta, wanakopita.

Kwa aliyerejea kutoka ukimbizini na kukuta duka lake lilifungwa miezi mingi, asianze na ufagio. Afungue milango hewa ipite, avae glovu, alowanishe sakafu kwa maji yenye klorini, kisha apige deki. Mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda, ambayo mwaka 2022 iliua watu 3 mkoani Lindi, Tanzania.

Ukiona panya wamekufa wengi bila mtego wala sumu, usiwaguse. Toa habari kituo cha afya. Tauni imekuwa ikizuka Ituri, Congo, na West Nile, Uganda. Viroboto huhama panya aliyekufa na kutafuta damu kwingine, hata kwa binadamu.

Mwisho, kazi hii si ya mtu mmoja. Ukisafisha peke yako, panya watahamia kwa jirani, kisha warudi. Wenye stoo za safu moja wapatane siku moja ya kuziba, kufagia na kutega pamoja.