KIFUNDO KILICHOVUNJIKA SI MTEGUKO



Mpakuzi wa saruji wa Tororo na mkata miwa wa Busia wote wanakula kwa miguu yao. Lakini mwenzetu akianguka kutoka kwenye lori, twamwambia, "Umeteguka tu, kanda kwa maji moto." Ikiwa mfupa umevunjika vibaya, ushauri huo waweza kumfanya kilema.

Kifundo cha mguu ni maungio ya mifupa mitatu. Mfupa mkubwa wa muundi na ule mwembamba wa kando yake huushika mfupa wa chini kama koleo. Hali ni mbaya zaidi koleo hilo likivunjika pande zote mbili, kifundo kikihama mahali pake, au mfupa ukitokeza nje ya ngozi.

Mguu ukipinda, au mtu akishindwa kukanyaga hatua 4, usikande wala usivute. Ufunge kwenye ubao ulivyo, uinue, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Penye jeraha funika kwa kitambaa safi. Atahitaji dawa ya kuua vijidudu na sindano ya pepopunda upesi.

Daktari atapiga picha, atarudisha kifundo mahali pake na kukifunga plasta. Mifupa isiyotulia hufanyiwa operesheni na kushikwa kwa vyuma na skrubu. Pengine operesheni hungoja wiki 1 au 2 uvimbe upungue, ili kidonda kipone vizuri. Huo si uzembe. Lakini vidole vikiwa baridi au vikifa ganzi, au maumivu yakizidi ndani ya plasta, rudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Mfupa huunga kwa wiki 6 au zaidi. Kazi nzito yaweza kungoja miezi 3 hadi 6, na wengine hukawia zaidi. Hapo ndipo msimamizi huanza kukuita mvivu. Usirudi kwa vitisho; fuata cheti cha daktari.

Tena, toa taarifa siku ya ajali, mbele ya mashahidi. Sheria ya fidia ya Uganda ya mwaka 2000 yataka mwajiri aarifiwe ndani ya mwezi 1. Ile ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mwajiri siku 7 kuiarifu serikali, na mfanyakazi miezi 12 kudai fidia. Tunza picha na vyeti vyote, na umwone mwakilishi wa chama mapema.

Umoja ni nguvu!