Injini Inayopozwa kwa Upepo: Uongoze Upepo, Usiuache Upotee

Ndugu wakulima wa Ngara na Biharamulo, leo tuzungumze juu ya injini: ile inayozungusha mashine ya kusaga ya kijiji, na ile pampu ndogo inayovuta maji ya kumwagilia nyanya na vitunguu wakati wa kiangazi. Injini ikikwama taabu yake mnaijua. Akina mama wanabeba mahindi na makopa kichwani mpaka kijiji cha pili, na bustani inakauka wiki chache kabla ya kuvunwa. Mara nyingi chanzo si uzee wa injini. Ni joto.

Kwanza tazama injini yako ni ya aina gani. Kama ina tangi la maji au rejeta, hiyo inapozwa kwa maji, na kazi yako ni kuangalia maji yasipungue. Kama haina maji, ila silinda yake imezungukwa na mapezi, yaani vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana, basi inapozwa kwa upepo. Hiyo ndiyo tunayoizungumzia.

Moto unaowaka ndani ya silinda unaweza kupita digrii 2,000 za Sentigredi. Alumini, ambayo pistoni nyingi zimetengenezwa kwayo, huyeyuka kwenye digrii 660. Mbona basi pistoni haiyeyuki? Kwa sababu moto ule huwaka kwa kufumba na kufumbua, kisha joto linahamia kwenye ukuta wa silinda, linafika kwenye mapezi, na upepo wa feni unalichukua. Upepo ukikosekana, pistoni inatanuka, inakwaruza silinda, mwisho inakwama.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Upepo una tabia ya maji ya mfereji: hufuata njia iliyo rahisi. Mapezi yamekaribiana sana, kwa hiyo upepo ukipata upenyo pembeni utapita huko na kuyaacha. Ndiyo maana injini ina kava la bati kuzunguka silinda. Bati hilo linaulazimisha upepo upite katikati ya mapezi. Wako mafundi wanaolivua, eti injini ipumue. Hapana, ndugu yangu! Injini iliyovuliwa kava hupata joto zaidi, hata feni ivume namna gani.

Watu wa Ulaya na Marekani wanaojiundia ndege ndogo nyumbani wanalijua sana jambo hili, kwani nyingi ya injini hizo hupozwa kwa upepo. Huziba kila upenyo kwa bati na raba. Tena huangalia hewa inatokea wapi. Hewa ikitoka digrii 27 ikafika 127, hutanuka kwa theluthi moja. Tundu la kutokea likiwa dogo, hewa ya moto hubanana, na ya baridi haiingii. Sheria hiyo hiyo inatawala chumba cha mashine cha Rulenge au Nyakahura.

Kwetu kuna la ziada. Ziwa Viktoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Ngara viko juu zaidi. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 14. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, na nguvu ya injini hupungua pia. Kwa hiyo usiipakie mzigo wa mwisho ulioandikwa kiwandani.

Basi, fanya hivi:

1. Zima injini, iache ipoe. Fungua kava, safisha mapezi kwa brashi ngumu au kijiti. Unga ukichanganyika na oili hufanya gamba linalozuia joto kutoka. Usimwagie maji injini ya moto. Chuma kinaweza kupasuka.

2. Rudisha kava na boliti zake zote. Bati likitoboka, lizibe.

3. Feni itazame dirisha au tundu la ukutani ili ivute hewa safi. Injini isiegemee ukuta. Acha nafasi ya mita moja hivi.

4. Upande wa pili, juu, toboa tundu la kutolea hewa ya moto, liwe kubwa kuliko la kuingizia.

5. Bomba la moshi litoke nje kabisa. Moshi wa injini ndani ya chumba unaua watu.

6. Pampu ya shambani ijengee kibanda cha kivuli kilicho wazi pande zote. Usiifunike kwa gunia wala majani ya migomba inapofanya kazi. Fyeka nyasi kavu kuizunguka, zisinyonywe na feni wala kushika moto.

7. Pima oili kila siku kabla ya kuwasha, kwani oili nayo hubeba joto.

Ukisikia harufu ya kuungua, au injini ikianza kulegea bila sababu, punguza mzigo, iache izunguke polepole dakika chache feni ikiendelea kupoza, ndipo uzime. Kisha tafuta kwanza mahali upepo ulipopotelea.

Kazi hii inataka brashi, spana na nusu siku. Silinda mpya inataka fedha ya mavuno.